Mama mkubwa alifukuzwa kwa kumlisha baba sumu. Sasa dokta ananiambia ni ugonjwa wa damu yetu

Mshauri, salamu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 31, nauza vikwembe (vitenge) kwenye soko la Kadutu, hapa Bukavu. Mume wangu anafanya kazi kwenye machimbo upande wa Kamituga, anarudi kila baada ya miezi miwili mitatu. Ninaandika usiku kwa sababu mchana mama yangu mzazi haniachi peke yangu, na jambo lenyewe linamhusu.

Tangu usichana tumbo lilikuwa linanisumbua. Linakamata kama mtu anayekamua nguo, halafu linaachia, naendelea na kazi. Nilitibiwa minyoo, nikatibiwa amiba, tifoidi sikumbuki mara ngapi. Miaka mitatu iliyopita mama alinipeleka kwa mzee mmoja anayetapisha karuho, ile sumu watu wanayosema mtu hulishwa kwa siri. Nilikunywa dawa yake nikatapika mpaka macho yakaingia giza. Akanionyesha kitu kama nywele ndani ya beseni, akasema ndicho hicho, kimetoka. Kwa wiki mbili niliamini nimepona.

Mwezi wa tatu mwaka huu lilikamata nikiwa sokoni, na safari hii halikuachia. Usiku natapika maji ya kijani, tumbo limevimba gumu kama ngoma, choo hakuna, hata upepo hautoki. Jirani akanitia kwenye taksi. Hospitalini wakanifanyia ekografia, ile picha ya kutazama ndani ya tumbo, dokta akamwita mwenzake aje atazame: kwenye kioo kulikuwa na pete ndani ya pete. Alinieleza kwa mkono wa koti lake jeupe. Aliushika karibu na kiwiko, akausukuma ukaingia ndani yake wenyewe, kama unavyokunja soksi. "Utumbo wako umejimeza hivi," akasema. Walinipasua usiku ule ule. Walitoa kipande cha utumbo kilichokuwa kimeanza kuwa cheusi, na ndani yake kinyama chenye shingo, ukubwa wa limau dogo. Vingine vidogo walivihisi kwa vidole wakaviacha.

Wiki kadhaa baadaye jibu la maabara likarudi. Dokta aliniambia nifungue mdomo, akamulika ndani ya mashavu kwa tochi ya simu. Nina madoa meusi madogo pale tangu utoto. Yale ya midomoni yalififia nilipokua. Akataja jina ambalo nilimwomba aniandikie: Peutz-Jeghers. Ugonjwa wa kuzaliwa nao, unaorithiwa. Akauliza, "Nani mwingine kwenu ana madoa haya?" Nikajibu kabla ya kufikiri: baba. Na mtoto wangu wa kwanza, wa miaka 9, anayo kwenye midomo. Mdogo wake wa miaka 4 hana. Shuleni wanamwita Mbabula, eti amebusu mbabula, jiko la makaa. Bibi yake humsugua limau kila Jumapili kabla ya misa.

Sasa kinachoninyima usingizi. Baba alikufa mwaka 2001, ana miaka 38, mimi nina 9. Nakumbuka tumbo lililoinuka chini ya blanketi, na beseni la kijani. Siku aliyoanza kuumwa alikuwa amekula sombe (kisamvu) kwa Mama mkubwa, mke wa marehemu kaka yake, tuliyekaa naye parseli (kiwanja) moja kule Bagira. Siku ya tatu akafa. Kabla hata hatujazika, watu walishasema: karuho. Aliyeanza kupiga kelele ni mama yangu. Mama mkubwa hakuwa na mume wa kumtetea. Alifukuzwa usiku na watoto wanne, godoro lake likachomwa moto, akarudi kwao Walungu. Upande wake wa parseli ulijengwa vyumba viwili vya kupangisha, na ndivyo vilivyotusomesha. Nilimwona mara moja tu, miaka kama kumi baadaye, anauza maharage kando ya barabara. Alinitazama, akajifunika uso kwa kikwembe.

Nilipomwambia mama aliyoyasema dokta, alinyamaza kitambo, halafu akasema, "Hilo jibu liishie hapo hapo." Mdogo wangu wa kike, wa miaka 24, posa yake imepokelewa, ng'ombe wanakuja mwezi wa nane. Mama anasema familia ya mchumba ikisikia ugonjwa wa kurithi, hao ng'ombe watageuzia njiani. Kaka yangu aliye Goma ana watoto watatu, hajui kitu. Mume wangu anajua tu kwamba nilipasuliwa "fundo la utumbo".

Nikisema, namuua mama kwa aibu na kuvunja ndoa ya mdogo wangu. Nikinyamaza, Mama mkubwa atakufa akiitwa mchawi. Nifanye nini?

Mama Mbabula, Bukavu

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, pole kwa kisu, na pole kwa miaka yote ile ya dawa za minyoo. Nimeona pia kwamba umejiandika kwa jina wanalomtania mwanao. Sijui kama ulifanya makusudi, lakini umenifanya nianze na yeye.

Uliniuliza kuhusu kusema au kunyamaza, kana kwamba ni neno moja unalolitoa mdomoni au unalimeza. Mimi naona maneno kadhaa yaliyofungwa kwenye kikwembe kimoja, na kila moja lina mwenyewe. Mengine yamesubiri zaidi ya miaka ishirini, yanaweza kusubiri mwezi mmoja zaidi. La mtoto halisubiri.

Madaktari wanaoufuatilia ugonjwa huu hushauri mtoto atazamwe ndani mara ya kwanza anapofika kama miaka 8, hata kama halalamiki. Sababu ndiyo ile uliyoipitia: kile kinyama, wanachokiita polipu, kinaning'inia kwa shingo yake, utumbo unakisukuma mbele kama unavyosukuma chakula, nacho kinauvuta ukuta wa utumbo nyuma yake mpaka sehemu moja inaingia ndani ya nyingine. Karibu nusu ya wenye ugonjwa huu wamepatwa na hilo kabla ya kufika miaka 20. Ndiyo maana polipu ikifika sentimita moja na nusu au mbili, hutafutwa njia ya kuitoa mapema, kabla haijaleta kisu cha usiku. Wasipoona kitu kwa mtoto, humrudia karibu na miaka 18. Wakiona, humtazama tena kila baada ya miaka kama mitatu, au mapema kuliko hapo.

Ugumu uko hapa. Kamera inayopita mdomoni inaona tumbo na mwanzo wa utumbo mwembamba. Inayopita nyuma inaona utumbo mpana. Katikati kunabaki mita kadhaa za utumbo mwembamba, na huko ndiko polipu hizi zinakopenda kukaa. Huko kunatazamwa kwa kidonge chenye kamera ambacho mgonjwa anakimeza, au kwa mashine ya picha ya sumaku, na si kila hospitali inavyo. Rudi kwa dokta yule yule aliyekuonyesha kwa mkono wa koti (huyo mtu anajua kueleza, usimpoteze). Muulize ni kipi kinapatikana Bukavu, ni kipi kitahitaji kuvuka mpaka, bei yake, na kipi kianze. Muulize pia kuhusu kipimo cha damu cha jeni iitwayo STK11. Ni jeni hiyo inayoharibika, iligunduliwa mwaka 1998, na kipimo kinaweza kumwambia mtu kama ameirithi bila kusubiri tumbo liseme. Usikope fedha kabla hujapata majibu hayo.

Huyu mdogo wa miaka 4 usimsahau kwa sababu midomo yake ni safi. Kila mtoto wa mwenye ugonjwa ana nafasi moja kati ya mbili, kama kurusha sarafu, na sarafu ya kaka yake haibadilishi ya kwake. Madoa mara nyingi hutokea miaka ya kwanza ya utotoni, lakini wapo wasioyapata kabisa. Yeyote kati yao akianza maumivu ya kukaba na kuachia, akitapika, akiwa mweupe kwa kukosa damu, au damu ikionekana chooni, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Asipewe dawa ya kutapisha, wala ya kuharisha, wala asiingiziwe maji ya miti kwa nyuma. Utumbo uliojifunga ukilazimishwa unaweza kupasuka. Wewe mwenyewe uliponea pale kwa yule mzee wa beseni.

Na wewe una miaka 31. Ugonjwa huu unaongeza hatari ya saratani kadhaa: ya matiti, ya utumbo, ya kongosho, ya mlango wa kizazi. Sikuambii hivyo ili usilale tena. Wanawake wenye ugonjwa huu huanza kupimwa matiti kwenye umri wako huu, kwa hiyo liweke kwenye maswali ya siku hiyo hiyo. Na zile polipu ndogo walizoziacha zinahitaji mtu wa kuzifuatilia.

Mume wako nitampita haraka. Huwezi kumpeleka mtoto wake kwenye kamera kwa jina la "fundo la utumbo". Subiri arudi, mwambie ana kwa ana, siyo kwa simu yenye mtandao wa Kamituga.

Sasa baba yako. Niruhusu nikuulize swali ambalo huenda hukulitegemea: unajua kwa hakika alikufa na nini? Madoa alikuwa nayo, tumbo lilivimba, alitapika kijani, alikufa siku ya tatu. Mimi nikisoma hayo naona kile kile kilichokupata wewe, tofauti ni kwamba yeye hakupata wa kumpasua. Lakini hakupimwa, na hakuna dokta atakayekuandikia karatasi ya marehemu wa mwaka 2001. Nakutahadharisha kwa sababu ukiingia kwenye kikao cha familia na kusema "nimethibitisha", atasimama mzee mmoja aseme "nani amethibitisha?", na mazungumzo yatakufa hapo. Unachokijua kinatosha bila kuongezwa chumvi: wewe unao ugonjwa huu, unarithiwa, baba alikuwa na alama zake, na unaua hivyo hivyo mlivyomwona akifa. Sumu nayo haikupimwa na mtu yeyote. Ilisemwa tu, na aliyeisema alikuwa mjane wa siku moja.

Kuna jambo nililipenda niliposoma habari za ugonjwa huu. Familia ya kwanza kuandikwa vitabuni haikuwa ya Kabare wala ya Walungu. Ilikuwa ya Uholanzi, na aliyeiandika mwaka 1921 ni daktari wa huko aitwaye Peutz. Jeghers, Mmarekani, aliandika yake mwaka 1949. Wazungu wenye madoa midomoni na matumbo yanayojifunga, na hakuna jirani aliyewapikia sombe. Linaweza kukusaidia mbele ya wazee kuliko maneno yote ya jeni.

Kuhusu mdogo wako, umeandika atakachofanya mchumba, watakachofanya wakwe, hata watakachofanya ng'ombe. Sikuona mahali ulipoandika atakachotaka yeye. Ana miaka 24. Huenda hana ugonjwa, na hofu yote hii inalinda kitu kisichokuwepo. Huenda anao, na ndoa itakapofungwa kwa kimya, siku tumbo litakapomkamata, wakwe watauliza kama mlijua. Unafikiri watatafuta karuho kwa nani? Kwa mke mwenzie? Kwa wifi? Ninaogopa habari hii inaweza kujirudia na Mama mkubwa mwingine. Kwa upande wa pili, hofu ya mama yako si upuuzi. Posa huvunjika kwa mambo madogo kuliko hili, na mimi siwezi kukuahidi kwamba hao ni watu waelewa, siwajui. Kinachoonekana kwangu ni kwamba habari ya mwili wake ni yake kwanza. Akishaijua, kumwambia mchumba au kutomwambia, kabla ya mahari au baada, linakuwa shauri lake, nawe unakuwa dada wa kumsindikiza. Kaka yako wa Goma vivyo hivyo, na yeye ana watoto watatu. Ukimwambia kwa faragha, angalau hutabeba peke yako siku ya kikao.

Jihadhari na kitu kimoja: habari ikitoka ovyo, watu wataanza kukaguana midomo. Weusi kwenye fizi na ndani ya mashavu ni kawaida kwa wengi wetu, hauna ugonjwa wowote. Usikubali mtu ahukumiwe kwa tochi ya simu sebuleni.

Nimemwacha mama yako makusudi, kwa sababu ndiye mgumu. Wewe unasoma kimya chake kama hofu ya posa. Inawezekana. Lakini tazama: mwanamke aliyepiga kelele mwaka 2001, akaona godoro linachomwa, akalea watoto wake kwa kodi ya vyumba vilivyosimama mahali pa godoro hilo, leo binti yake anamletea karatasi inayosema huenda alikosea. Mimi nisingeweza kumjibu binti yangu siku hiyo hiyo. "Liishie hapo hapo" huenda si amri. Huenda ni mtu anayeomba muda. Umewahi kumuuliza anakumbuka nini cha usiku ule, bila kumlaumu, mkiwa mnachambua maharage wawili peke yenu? Anaweza kukufukuza. Anaweza pia kuwa amelisubiri swali hilo.

Na vile vyumba viwili, dada. Umevitaja kwa sentensi moja ukapita mbio, lakini nadhani ndivyo vizito kuliko yote. Mama mkubwa akisafishwa jina, watoto wake wanne, ambao sasa ni watu wazima, watauliza parseli ya baba yao iko wapi. Watakuwa na haki ya kuuliza. Mama yako anaishi kwa kodi hiyo hata leo? Kaka yako anajua hati ya kiwanja inasemaje? Kabla hujafungua mdomo kwenye kikao, ujue nyumba yenu iko tayari kwenda mpaka wapi, kwa sababu radhi inayoombwa kwa maneno huku kodi ikiendelea kukusanywa inaweza kumuuma yule mama kuliko kimya. Sisemi mrudishe. Sijui nani alijenga, kwa fedha za nani, wala kama yeye anakitaka. Lakini swali litaingia mlangoni pamoja nawe.

Umefikiri, bila shaka, kupanda gari siku moja ya soko uende Walungu peke yako, umwambie na kurudi. Hiyo ndiyo njia inayouvuta moyo wangu, na ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Ukimwambia kisha ukamwomba afiche, umempa mzigo wako juu ya wake: anajua hana hatia na bado ajifunike uso. Usipomwomba afiche, habari itafika Bagira kabla yako, na mama yako ataisikia kwa majirani. Njia ya kikao ina usalama wake: wazee, pengine padri au mchungaji ambaye mama anamheshimu, dokta akubali kuja au akuandikie maelezo kwa lugha nyepesi. Lakini kikao ni cha watu wengi, na ndani yake wamo waliochoma godoro. Hawatapenda kuambiwa. Ipo pia njia ya polepole, mtoto kwanza, ndugu zako pili, mama, halafu Walungu pamoja na mama kama atakubali. Ubaya wake ni umri: Mama mkubwa hawi kijana, wala mama yako.

Uliandika kwamba ukisema utamuua mama kwa aibu. Mama aliyekuogesha kidonda cha operesheni, kama ninavyomdhania kwa jinsi asivyokuachia nafasi mchana, pengine ana nguvu kuliko unavyomhesabia. Pengine hana. Wewe ndiye unayelala naye chumba cha pili.

Ukishapata jibu la dokta kuhusu mtoto, niandikie. Na bibi yake mwambie taratibu kwamba yale madoa yako ndani ya ngozi, hayatoki kwa kusuguliwa, yatafifia yenyewe akikua kama yako yalivyofifia. Limau abaki nalo jikoni, la kukamulia sambaza, wale samaki wadogo.